Beseni Jipya la Kalunde

Kijiweni kwa Othman muuza kahawa pale Tulia, benchi lina miguu mitatu na jiwe, na hakuna swali lililowahi kuwashinda wakaaji wake. Asubuhi hiyo ya mwaka wa tisini na mbili Muthama alifika akiburuta gunia, roho mkononi. Jana alimwaga jivu la moto kwenye beseni la mkewe Kalunde, likabaki ukingo tu. Kalunde alikuwa Matinyani kwa mamake, anarudi saa nne. Afadhali lori la kununua plastiki mbovu lilikuwa njiani: ukijaza gunia, unapewa beseni jipya.

— Wanachukua kila kitu, akasema Profesa, ambaye shule aliionea dirishani.

— Wapi! akadakia Waziri, fundi wa viatu. Wanataka chupa za dawa ya pamba.

— Si zina sumu?

— Sumu ndiyo inafukuza panya kwa beseni!

Profesa akachomoa sahani ya melamini guniani, akaitupa kwenye jiko la kahawa.

— Ikitiririka, inafaa. Ikiungua kama kuni, hapana.

Ikaungua. Sandali ikatiririka. Mifuko ya nailoni ikajikunja, ikaisha.

— Hiyo wakichoma Nairobi, moshi wake unaishika mvua hukohuko, akasema Waziri. Mnadhani hapa inakosekana bure?

— Jamani, kahawa yangu inanuka kiatu! akalia Othman.

Lori likapiga honi. Mnunuzi akachungulia gunia: sandali sawa, melamini hapana, nailoni hapana, chupa za sumu asizione hata kidogo.

— Halijai, mzee. Hamna mitungi ya maji ya plastiki?

Muthama akakimbia nyumbani, akarudi na minne, kila mmoja umezibwa ufa kwa sabuni.

— Inavuja, si ni mbovu? akauliza Muthama.

— Mbovu kabisa! wakaitikia Profesa na Waziri.

Lori likaondoka. Muthama akaketi na beseni jekundu mapajani, furaha tele, hata ile kahawa akainywa.

Kalunde akatokea na punda.

— Aiyai! Beseni zuri hivi, ni langu?

Akacheka kweli. Muthama akapumua.

— Sasa lete mitungi mbio. Bomba imefunguliwa, na ikifungwa leo ni hadi wiki ijayo. Mitungi iko wapi?

Profesa akamtazama Waziri. Waziri akatazama viatu vyake. Othman akatikisa birika tupu.

Kalunde akatazama vumbi la lori, kisha beseni.

— Haya, akasema. Weka hilo kichwani, twende bombani. Leo punda apumzike.