Filta ya Mzee Mshale Yafika Kwenye Waya

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa karakana yetu anastaafu baada ya kutumika miaka thelathini na mmoja. Nimepewa mimi kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Shule niliiaga mapema, lakini kalamu haikuniaga, kwa hiyo wenye vyeti watulie wasome.

Alianza kama mwosha vipuri, enzi ambazo karakana haikuwa na paa upande wa nyuma. Akawa fundi wa breki, kisha wa injini, kisha mkuu wetu, na ovaroli yake siku zote ina kifungo kimoja cha rangi tofauti ambacho mkewe amegoma kukibadilisha. Amefundisha mafundi kumi na wanne. Aliye bora kati yao ndiye anayeandika hapa.

Tunamwita Mzee Mshale. Kila filta yetu ya mafuta ina mshale mdogo ubavuni, unaoonyesha mafuta yanakoelekea: yatoke tangini, yaende kwenye injini. Ukiifunga kinyume, gari litawaka vizuri, likudanganye, kisha likufie kilimani. Ndiyo maana ukishika filta tu, hata kama yeye yuko msalani, utasikia sauti: "Mshale!"

Na ana sheria yake. Ukifunga filta kinyume, inatundikwa kwenye waya juu ya meza ya spana, na jina lako na tarehe juu yake, nawe unaosha vikombe vya chai wiki nzima. Zangu ziko tatu, ingawa mbili ni wivu wa watu. Yake haikuwapo hata moja. Sifa hiyo aliilinda kuliko mshahara.

Sasa, mwezi huu, Jumamosi moja, alikuwa kwake anabadilisha filta ya pikapu yake. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa mgeni, na akadai kazi kama ile haifanyiki nyumbani. Mzee akaamua kumpa somo. Akachomoa waya wa betri, akafungua kifuniko cha tangi kupunguza presha, akamnyang'anya shemeji sigara, akatega beseni chini, akalegeza vibano vya mipira ya mafuta, akatoa filta kuukuu. Somo likamnogea. Wakati wa kufunga mpya, mdomo ulifanya kazi sana hadi macho yakaona yapumzike.

Kesho yake, mkewe na shemeji wakiwa ndani, pikapu ilikohoa kilima cha kwanza, na katikati ya cha pili ikanyamaza kabisa. Mzee akanipigia simu: nije peke yangu na filta mpya, na domo langu niliache nyumbani.

Nikaingia chini ya gari. Mshale ulikuwa unatazama tangi! Nilitoka nikijifuta mikono, lakini uso wangu haujui siri. Mkewe akacheka kwanza, na shemeji akacheka hadi akaketi kando ya barabara. Nikafunga mpya kwa dakika ishirini tu. Ile nyingine Mzee akanikabidhi nikaitupe, akanitazama. Nilielewa. Neno moja kutoka kwangu, na miaka thelathini na mmoja imeingia doa.

Sikusema. Wiki tatu! Mnaonijua mnajua yale yalikuwa mateso. Wala sikuitupa, niliificha chini ya sanduku langu la spana.

Jumatatu hii, wakati wa chai, aliniomba ile filta mbele ya wote. Nikajifanya sijui anasema nini. "Itoe, wewe," akasema. "Au unataka kuniandikia wasifu wa uongo?" Akapanda kwenye kiti, akaandika jina na tarehe, akaitundika mwenyewe kando ya zangu tatu. Kisha akavua saa, akakunja mikono ya ovaroli na kuelekea kwenye sinki. Tangu siku hiyo anaosha vikombe na hataki msaada. Changu anakiosha mara mbili, eti kimeshikwa na maneno mengi.

Fundi, asante kwa kila gari, kila kelele, na kwa filta hiyo ya nne. Tunakuombea afya, pikapu isiyokohoa na shemeji mwenye huruma. Waya hautashushwa. Ila wiki yako ya adhabu inaisha leo, na hotuba zikimalizika vikombe vitakuwa vinakungoja. Wewe osha. Leo nitavifuta mimi.