Fundi Aliyeifumua Siku

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti, punguzeni moto jikoni. Leo tunamkumbuka mwanamke fundi cherehani aliyetutoka wiki iliyopita. Wateja walimwita Fumua. Kushona, mafundi wengi wanashona. Yeye sifa yake ilikuwa kufumua. Ukimpelekea koti linalokubana kwa sababu unazozijua mwenyewe, hakukuuliza umekula nini. Alishika wembe, akaanza na mshono wa mwisho, akarudi nyuma taratibu mpaka wa kwanza, na kitambaa hakina hata mkwaruzo.

Duka lilikuwa la wawili: Fumua na dada yake mkubwa, mkataji. Chumba kimoja, cherehani mbili, pasi moja ya kugombania. Na aliyeleta dukani zoezi la kuifumua siku alikuwa dada mkubwa. Narudia: dada mkubwa.

Zoezi lenyewe ni hili. Jioni, kabla ya kufunga duka, unakaa kimya, unafumba macho. Unaitazama siku yako kinyumenyume, jambo la mwisho kwanza, mpaka ulipoamka. Hujisifu, hujilaumu. Unatazama tu. Dada mkubwa aliambiwa na aliyemfundisha kuwa ukidumu nalo, jicho la ndani hufunguka, ukaona yaliyo mioyoni mwa watu.

Dada mkubwa alidumu nalo miaka. Jicho halikufunguka hata kope. Mdogo wake akajiunga kwa sababu tu saa hiyo hakuwa na wa kupiga naye soga. Haukupita muda, akaja mjane na koti la marehemu mumewe, lipunguzwe limwenee mwanawe. Dada mkubwa alikwishashika mkasi.

"Dada, weka mkasi," Fumua akasema. "Mama, rudi nalo nyumbani kwanza. Bado hujaagana nalo."

Mjane akalikumbatia lile koti, akalia pale pale mlangoni. Alikuwa hajalia tangu mazishi.

Alipoondoka, dada mkubwa akauliza, "Nani kakwambia?"

"Nimemwona tu, dada."

"Umemwona. Na mimi nilikuwa wapi, sokoni?"

Wasikilizaji wapendwa, wivu wa mapenzi tunaujua. Wa mali, ndio usiseme. Wivu wa jicho la ndani je? Dada mkubwa alikuja studioni, hakuuficha. "Mbegu nilipanda mimi, mavuno akala yeye. Nikazidisha kukaa kimya, mpaka siku moja mguu ukafa ganzi. Kusimama, nikaiangukia meza ya pasi. Yeye kafumba macho, ananiambia, 'Hilo nimelisikia kwa sikio la nje.'"

Wateja nao wakawa wakiingia wanauliza, "Yule mwenye jicho yupo?" Dada mkubwa akahamishia kigoda chake nyuma ya pazia.

Fumua alipougua, dada yake alimlisha, akamwogesha. Lakini swali lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na aliogopa mdogo wake ataondoka na jibu. Mchana mmoja akalitema.

"Wewe unafanyaje mpaka unaona?"

"Kama wewe. Naanza na mshono wa mwisho."

"Mbona mimi sioni?"

"Kila jioni ukirudi nyuma, ukinifikia mimi unakwama. Unakaa hapo unapima nilichopewa. Dada, uzi wenye fundo ukiuvuta unakatika. Fungua, upite."

"Hilo nalo umeliona kwa jicho la ndani?"

"La nini? Si umenuna nyumba nzima inajua."

Siku chache baadaye alifariki, mkono wake mkononi mwa dada yake.

Jioni ya mazishi, dada mkubwa alikwenda dukani, akakalia kigoda cha mdogo wake. Akafumba macho. Akaanza na mgeni wa mwisho kuaga, akarudi kwenye udongo, kwenye jeneza, mpaka asubuhi alipomvisha gauni alilomkatia mwenyewe. Hapo, akimfikia mdogo wake, ndipo alipokuwa akikwama.

"Nikamtazama," anasema. "Sikupima kitu. Nikaona alivyokuwa mpweke. Kila anayeingia dukani, yeye anauona uchungu wake, na hana wa kumwambia. Mimi niko nyuma ya pazia."

Nikamuuliza, kwa hiyo wivu umekwisha? Akafuta macho.

"Uishe wapi. Hata huko alikokwenda, kanitangulia kuona."

Kwako dada mkubwa, kwa familia yote, na kwenu ambao nguo zenu bado zinaning'inia dukani mle: poleni sana. Apumzike fundi wetu. Nasi jioni ya leo tuifumue siku, taratibu. Ukimfikia yule anayekukera kwa kung'aa kwake, usimruke. Huenda kutwa nzima hakuna aliyemuuliza, "Wewe, hujambo?"