Aliyemimina Rubisi

Basi lilipotoka Kibondo, ukungu ulikuwa umelala mabondeni, na Kezia aliliona shamba la Titye kana kwamba limekwisha kuwa lake. Leo alikuwa anakwenda kumalizia malipo.

"Wakili wa nini, mwalimu?" Kezia alimcheka Rashid, mwalimu aliyeketi kando yake, aliyemshauri atafute wakili kwanza. "Atakula nusu ya shamba sijapanda hata maharage! Tumezunguka mipaka, tumekunywa rubisi ya ndizi. Kwetu, aliyekunywa amekubali."

"Na mke wa muuzaji alikunywa? Shamba ni lake pia, mama."

Kezia akageukia dirishani. Ndani ya ukungu alimwona tena yule mwanamke, siku ile ya mipaka, akimmiminia kila mtu rubisi, asionje hata tone.

Basi likasimama Titye. Muuzaji alikuwa akimngoja, peke yake, akitabasamu.

"Anayeshuka!" konda akaita.

Kezia alikuwa bado anamtafuta mke wa muuzaji kwa macho.