Baiskeli ya Mbah Marsudi na Kilo Ishirini

Benchi letu ni la mianzi, lina miguu mitatu na tofali moja, na liko mbele ya kibanda cha kahawa cha mama mmoja, Bu Pon, pale mfereji wa mashamba ya mpunga unapopita chini ya barabara ya kwenda Bantul. Mimi ni kinyozi. Kioo changu kimetundikwa kwenye ukuta wa kibanda hichohicho, kwa hiyo mteja akikosekana, na hukosekana sana, mimi huwa mtu wa benchi, na benchini jina langu ni Wembe. Jumanne hiyo, saa tatu asubuhi, tulikuwa na kesi nzito, ya wiki tatu sasa. Mbah Marsudi, babu yetu na mkubwa wetu sote, alikuwa anapanda ndege Alhamisi kwenda Balikpapan, ng'ambo ya bahari, kwa binti yake Ratri. Ratri amejifungua baada ya kungoja miaka tisa. Halafu mwezi uliotangulia mzee alianguka bafuni kwake, peke yake, na aliyeshtuka alikuwa Bu Pon, alipoona saa mbili imefika na glasi ya Mbah bado kavu. Binti aliposikia, hakuuliza mtu, akanunua tiketi. Mzee akakubali kwa sharti moja: baiskeli nayo inapanda. Isipopanda, tiketi iende yenyewe. Ni ile nyeusi ya Kidachi, ya kukaa wima, aliyozungukia mifereji ya serikali miaka thelathini na moja, akifungulia watu maji. Tiketi inaruhusu kilo ishirini za mzigo. Baiskeli, tuliipima kwenye mizani ya kinu cha mpunga, ina ishirini na mbili na nusu, bila hata nguo moja ya mwenyewe.

— Kilo mbili na nusu ni kitu gani? alisema Wakili, akipuliza kahawa. Mtu akinyoa nywele na akaacha tempe ya kukaanga siku mbili, kashazifidia.

Wakili jina lake ni Pak Trimo. Aliwahi kuwa shahidi mahakamani, kesi ya bata waliopotea, na tangu siku hiyo hasemi neno bila kulitafutia kifungu.

— Hapimwi mtu, unapimwa mzigo, Rubani alimjibu. Wewe ndege unaijulia wapi? Mimi nimekata nyasi uwanja wa ndege miaka mitatu.

— Ulikata nyasi, Bu Pon alisema kutoka ndani. Hata bawa hukuligusa.

— Nyasi ndiyo nyumba ya ndege, Bu.

— Ndege inalala kwenye lami. Kwenye nyasi wanalala mbuzi.

Tulicheka wote, na Rubani, yaani Pak Jumadi, akacheka pia, maana hana kinyongo. Alichukua tempe ya tatu, ile soya ya kukaanga ya Bu Pon, akaendelea.

— Haya, chekeni. Lakini nawaambia, ukifika pale mezani kwao kilo zimezidi, wanakutoza bei ya mbuzi.

— Mbuzi gani? Mbah Marsudi aliuliza.

— Dume, Mbah. La sikukuu.

Mzee aligeuka akaitazama baiskeli yake, imeegemea ukuta, kengele inang'aa kuliko kioo changu. Nikaona nimsaidie. Nikasema kuna malori yanayopeleka mizigo Surabaya, na pale kuna meli, na bei yake ni ya kuku tu.

— Wiki mbili baharini, Wembe? Na chumvi ile? Baiskeli hii haijalala nje hata siku moja. Mimi mwenyewe nimelala nje mara nyingi kuliko hiyo.

— Basi sikilizeni, Wakili alisema, akaweka glasi chini. Watu wote wanaoondoka kwetu wanabeba nini?

— Huzuni, alisema Rubani.

— Bakpia, we mjinga. Wanabeba bakpia. Kila abiria ana maboksi matano ya vikeki, yamefungwa pamoja, anapita nayo mkononi mpaka ndani. Nani aliwahi kumsimamisha mtu na bakpia zake? Hakuna. Kwa hiyo tunaifungua baiskeli vipandevipande, tunaigawa kwenye maboksi ya bakpia. Haba na haba hujaza kibaba.

— Fremu inaingia boksi la bakpia? niliuliza.

— Tunaikata.

Mbah Marsudi aliinuka, akaenda kuweka mkono juu ya kiti cha baiskeli, akabaki amesimama hapo.

— Nimesema kwa mfano, Mbah, Wakili alisema haraka. Kwa mfano tu. Kaa.

— Nitakaa ukishamaliza mifano yako.

— Huyo ana mawazo ya mchinjaji, alisema Rubani. Mimi njia yangu haina msumeno. Mzigo unapimwa, nguo hazipimwi, si ndiyo? Sasa, Mbah anaivaa.

— Anavaa nini?

— Baiskeli. Mnyororo anauzungusha kiunoni chini ya sarong, nani atauona? Pedali moja mfuko huu, moja mfuko ule. Kengele kifuani. Springi za kiti ndani ya kofia. Hapo kilo zako mbili na nusu zishatoka, tena na chenji.

— Na lile lango linalolia mtu akiwa na chuma? Wakili alimuuliza.

— Halilii.

— Kwa nini lisilie?

— Debe tupu ndilo linalovuma. Mbah atakuwa amejaa.

Nadhani Wakili alijua kuna kosa mahali fulani lakini methali ilimzuia, na mimi nilikuwa nimeinama nimeshika mbavu. Bu Pon alitoka na birika, akatuongezea maji ya moto kwenye machicha yetu bila kuulizwa, akamtazama Rubani kama mtu anayetazama bei ya pilipili.

— Yaani mzee wa watu asimame mbele ya askari, avuliwe mnyororo kiunoni. Halafu aseme nini?

— Aseme ni dawa ya mgongo.

Nataka kusema ukweli hapa, kwa kuwa wenzangu hawatausema. Kila njia ilipovunjika, mimi nilifurahi kidogo. Baiskeli isipopanda, mzee haendi, na asipoenda, Ijumaa saa mbili glasi yake itakuwa na kahawa. Kisha namkumbuka yule mtoto wa Balikpapan, ambaye babu yake hajamwona ila kwenye simu, uso wote ukiwa pua, na naona haya. Naamini Wakili na Rubani walikuwa na ugonjwa huohuo, maana ukiwasikiliza vizuri, mipango yao ilizidi kuwa mibaya kadiri Alhamisi ilivyosogea.

— Kuna kifungu, alisema Wakili.

— Kishaanza.

— Kuna kifungu, nasema. Chombo cha kumsaidia mgonjwa kinapanda bure, hakipimwi. Kiti cha magurudumu, magongo, vyote bure. Mbah ameanguka bafuni, mtaa mzima shahidi. Basi anaingia uwanjani juu ya baiskeli, taratibu, mpaka mezani. Anasema, mwanangu, hii ndiyo miguu yangu.

— Mgonjwa anakuja anapiga kengele? Bu Pon aliuliza.

— Ajikunje kidogo.

— Nikijikunja nikaanguka? aliuliza Mbah.

— Huo ndio ushahidi wenyewe, Mbah. Mvumilivu hula mbivu.

Sasa Rubani akaona amezidiwa. Alivuta sigara yake ya karafuu mpaka ikapiga cheche, akashusha sauti kama mtu mwenye siri ya serikali.

— Mnajua ile hewa ya mapulizo? Ya sherehe za watoto, yale ambayo mtoto akiyaachia, yanakwenda mbinguni?

— Tunaijua.

— Tunaijaza kwenye matairi.

Lori la matofali lilipita, tukangoja lipite.

— Mizani ya uwanja wa ndege, Rubani aliendelea, inapima kinacholalia chini. Kitu kinachotaka kupanda juu kinapimwaje? Tairi mbili, kila moja inainua kilo moja na robo. Hesabu hiyo, hata Wembe anaiweza.

— Ikipaa kabla ya ndege? niliuliza.

— Basi tiketi ya nini tena? Anaokoa na tiketi.

— Na kushuka Balikpapan?

— Anatoboa tairi. Wembe, mbona unauliza vitu vidogo?

Hapo hata Mbah Marsudi alicheka, cheko lile la kukohoa, akarudi kukaa. Alipangusa macho kwa ncha ya sarong.

— Miaka yote nafungulia watu maji, alisema, sikujua nimezungukwa na wataalamu.

Alikuwa bado anacheka pikipiki ilipoingia kutoka upande wa mjini, na nyuma yake boksi la katoni kubwa kama mlango, limefungiwa mgongoni kwa dereva. Alishuka dereva mwenyewe, mtu wa makamo, fulana yake imeandikwa jina la duka la baiskeli, akainama kidogo kutusalimu.

— Bu Pon ni nani? Mimi ni Handoyo. Ulinipigia simu.

— Nimemwita mimi, Bu Pon alitutangazia. Nyie mngekaa hapa mpaka mjukuu wa watu aote ndevu. Karibu, Mas, kaka yangu. Kahawa?

— Baadaye, Bu. Baiskeli ni hii?

Aliizunguka mara moja, akapiga kengele kwa kidole, akatikisa kichwa kwa heshima.

— Boksi hili bei gani? Wakili alimuuliza, tayari kugombana.

— Bure, Pak. Baiskeli mpya zinakuja dukani ndani ya haya, kila wiki tunayatupa.

Akachuchumaa, akatoa spana mbili. Pedali zikatoka. Usukani ukalala ubavuni. Tairi la mbele likatoka likaegeshwa kando ya fremu. Akatoa hewa kidogo kwenye matairi, na Rubani akasogea mbele.

— Unapunguza?

— Tunapunguza, Pak. Huwa hatuongezi.

Rubani alirudi kukaa. Handoyo akaomba nguo za safari za mzee, na Bu Pon akamletea mfuko ambao, kumbe, ulikuwa ndani kwake tangu juzi. Sarong akaizungusha kwenye bomba la juu, mashati kwenye bomba la chini, koti la mvua kwenye taa. Nguo zikawa godoro la baiskeli.

— Na kilo? aliuliza Wakili. Kilo zimezidi. Mezani ni bei ya mbuzi.

— Mezani, ndiyo. Lakini kilo unazinunua mapema kwenye simu, leo, kabla ya safari. Kilo kumi za nyongeza ni bei ya kuku wawili. Mbah, simu yako ina tiketi?

Ilikuwa nayo. Ratri alikuwa ameituma na picha ya mtoto juu yake. Handoyo alibonyezabonyeza, Mbah akalipa, ikalia ting, na kesi ya wiki tatu ikawa imekwisha. Hatukujua tufanye nini na nyuso zetu. Wakili aliokota kipande cha tempe, akakitazama, akakirudisha sahanini.

— Kumbe, alisema.

— Kumbe, Rubani akajibu.

Baiskeli ilikuwa ndani ya boksi, kamili, imelala na nguo za mwenyewe. Handoyo alikunja vifuniko, akapiga magoti juu yake, akashika roli la utepe wa gundi mkono mmoja.

— Swali dogo, Mbah. Nikizungusha gundi, inashika vizuri sana, lakini kufungua ni kulichana boksi lote. Kamba inashika kidogo chini ya hapo, ila boksi linabaki zima, unaliweka, unalitumia tena. Sasa nijue tu, boksi hili ni la kwenda, au ni la kwenda na kurudi?

Wiki tatu tulikuwa tumeuliza kila kitu. Tuliuliza uzito wa kengele. Tuliuliza kama ndani ya ndege wanaruhusu sigara, kama Balikpapan kuna kilima, kama mtoto amefanana na nani. Hilo moja hatukuliuliza, na siyo kwa kusahau. Kwetu mtu mkubwa haulizwi atarudi lini. Ukimuuliza, ni kama unamshika shati asiende, au ni kama unamfukuza, na vyote viwili ni aibu. Unangoja aseme. Asiposema, unazungumza habari za matairi. Handoyo hakuwa na kosa lolote, alitaka kujua afunge na nini.

Rubani alitazama juu, upande ule ndege hupita. Wakili alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Mimi nilikuwa na wembe mkononi, naupangusa, nao ulikuwa safi tangu asubuhi. Mbah Marsudi alilitazama boksi, akasema polepole:

— Hilo Ratri hakuniambia, Mas. Na mimi sikumuuliza.

Handoyo akabaki na gundi yake mkononi. Hapo ndipo nilipoona Bu Pon hayupo. Tulimsikia ndani anasukuma magunia, kitu kikaanguka, hakulalamika, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake. Alitoka na kamba ya manila, ndefu, ya rangi ya buluu, ile anayofungia mchele wake wa biashara. Hakumpa Handoyo. Aliipeleka moja kwa moja kwa Mbah Marsudi, akaiweka juu ya magoti yake.

— Kamba hii ni yangu, Mbah, alisema. Naitaka irudi.

Mzee aliipima kwa vidole, kutoka ncha hii hadi ile, kama aliyekabidhiwa kitu cha ofisini.

— Nimesikia, Bu, alisema, akamnyooshea Handoyo afunge.