Majina Yaliyochacha: Risala ya Wafanyakazi wa Redio kuhusu Msomaji wa Saa Saba

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,
Wakuu wa idara,
Wageni waalikwa, na ndugu zetu walinzi mliosimama juani,

MAKARIBISHO

Sisi wafanyakazi wa kituo hiki cha redio, kuanzia wahariri hadi wanaotufagilia ngazi, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tumefarijika sana kukuona kwa macho yetu, kwa sababu kompyuta ya mapokezi mpaka sasa inasema ziara yako haipo. Dada wa mapokezi amekuruhusu uingie kwa kukuangalia usoni tu, na tunaomba asiulizwe.

HISTORIA FUPI

Mheshimiwa, kituo chetu kilianza na kipaza sauti kimoja na meza iliyokuwa ikitikisika. Habari ziliandikwa kwenye karatasi. Baadaye tukapata kompyuta, na habari zikawekwa kwenye folda moja ndani ya seva iliyopo chumba cha chini, ambapo kila kompyuta ya jengo hili inaifikia kwa mtandao wa ndani.

Mwaka jana, kwa hekima yako, uliagiza folda hiyo ifungwe kwa maandishi ya siri ili habari zisivuje. Tangu hapo, ikiwa imefungwa, majina ya habari hugeuka kuwa herufi zisizosomeka. Mhariri akiingiza neno la siri, majina yanarudi kuwa ya kibinadamu. Ni kazi nzuri, na habari hazijavuja tena. Zipo siku hata sisi wenyewe hatukuzipata.

Agizo lako la pili lilibandikwa juu ya kioo cha kompyuta ya studio: "Msomaji asome kinachoonekana kwenye kioo. Asiongeze, asipunguze." Tulilipokea. Mwenzetu mmoja alilipokea kwa moyo wote, na huyo ndiye tunayetaka kukueleza habari zake.

MAFANIKIO

Tumepaka rangi korido. Choo cha ghorofa ya pili kinafanya kazi. Studio mpya uliyokuja kuifungua, iliyo ghorofa ya nne, ina viti visivyopiga kelele mtu akivuta pumzi. Wasikilizaji wameongezeka sana, ingawa waliongezeka kwa sababu tutakayoifikia sasa hivi.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, mwenzetu huyo wote tunamwita Saa Saba, maana ndiye aliyesoma taarifa ya habari ya saa saba mchana tangu wengi wetu tukiwa shule. Ni mtu wa kunyoosha shati hata pale asipoonekana. Hajawahi kukohoa hewani.

Siku ya tukio aliingia studio mapema kama kawaida yake. Kompyuta ya studio ilikuwa imeshaitazama folda asubuhi, ikiwa bado imefungwa. Kwenye kioo, mahali pa vichwa vya habari, palijaa herufi zilizovurugika. Akampigia simu mhariri wa zamu.

"Mama Mhariri, folda imefungwa."

"Imefunguka zamani, baba. Mimi naona kila kitu. Hii hapa mafuriko, hii hapa wauguzi wamerudi kazini."

"Mimi naona zedi tu."

"Andika mwenyewe 'mafuriko', itakuja."

Akaandika. Kompyuta ikamjibu kwamba hakuna habari yenye jina hilo.

"Inasema hakuna."

"Hakuna vipi, na mimi naitazama?"

"Basi niletee karatasi."

"Mashine ya kuchapa imekwama tangu juzi! Wewe so..."

Taa nyekundu ikawaka. Saa Saba akaweka simu chini. Alituambia baadaye kwamba alitazama herufi, akatazama agizo lako juu ya kioo, kisha akanyoosha shati. Mheshimiwa, akasoma.

"Hii ni taarifa ya habari. Kwanza muhtasari. Kyu, saba, eksi, eksi, kistari, zedi kubwa. Wakati huohuo, jei ndogo, jei ndogo, tisa, alama ya kujumlisha."

Alisoma vyote, kwa ile sauti yake ya siku za misiba mikubwa. Akasema "na sasa habari kwa kirefu", akakaa kimya muda wote wa habari kwa kirefu, kwa sababu kwenye kioo habari zilikuwa hazipo. Mwisho akawatakia wasikilizaji mchana mwema.

Simu zilimiminika. Msikilizaji mmoja aliomba habari ya pili irudiwe kwa kuwa hakuandika vizuri. Mwalimu mmoja alishukuru kwa imla. Ofisi moja kubwa, ambayo hatutaitaja, ilitoa tamko la kukanusha vikali habari ya kwanza, na kusema kuhusu ya pili uchunguzi unaendelea.

Lakini mtu mmoja hakucheka. Mama yake mzazi, ambaye macho yake yamefifia na redio ndiyo dirisha lake, alisikia akaamini mwanawe amepooza ulimi. Alifika hapa na kanga ya ndani, kashikwa mkono na jirani, akamkuta mwanawe kwenye ngazi.

"Fungua mdomo," akasema.

Akafungua.

"Inua mkono huu. Na huu."

"Mama, mimi mzima."

"Mtu mzima anasema zedi?"

Akamshika mashavu mbele yetu, akampapasa kama anatafuta ufa. Saa Saba, mtu wa makamo, alilia pale pale kwenye ngazi. Jioni hiyohiyo akakabidhiwa barua ya kusimamishwa kusoma, kwa kosa la "kutangaza lugha isiyotambulika".

Fundi wetu wa mitambo alichunguza akatueleza, na tunakufikishia kama alivyosema. Kompyuta ikishaitazama folda huweka kichwani orodha ya ilichokiona, ili isiisumbue seva kila mara. Ilipotazama, folda ilikuwa imefungwa. Ilipofunguliwa, hakuna aliyeiambia. Ikaendelea kushikilia orodha iliyochacha, na hata ikiulizwa jina la kweli ikajibu halipo. Ya mhariri ilitazama baada ya kufunguliwa, ndiyo maana ikaona sawa. Dawa yake ni kwamba neno la siri likishakubaliwa, kila kompyuta iitupilie mbali orodha ya zamani papo hapo na iende kutazama upya. Fundi amejaribu kwenye kompyuta moja, ikapona.

Kwa nyingine anahitaji ruhusa yako. Tuliiomba. Tuliomba pia Saa Saba arudishwe. Maombi yote yalihifadhiwa kwenye folda ya siri, kama ulivyoagiza, na kila tukifuatilia, katibu wako anafungua kompyuta yake na kutujibu kwa upole kwamba hakuna ombi kama hilo. Hatumlaumu. Ndiyo maana leo tumekuja kuyasema kwa mdomo.

MAOMBI

Tunaomba ruhusa ya fundi. Tunaomba agizo la juu ya kioo liongezewe maneno machache, utakavyoona inafaa, yatakayomruhusu msomaji kutumia akili. Mashine ya kuchapa tutaivumilia.

Ombi kubwa ni la mwenzetu. Kwa kuwa hakufukuzwa, alipangiwa kazi ya kuendesha lifti. Hutangaza ghorofa. Anasema "ghorofa ya tatu: uhasibu na stoo" mpaka watu wanashuka wamenyamaza. Na kila siku ikifika saa saba mchana, mama yake huja, anakaa kwenye kigoda humo ndani, anapanda na kushuka naye hadi muda wa taarifa uishe. Wakifika juu humwambia, "Endelea, mwanangu, nakusikia." Yeye huanza tena chini.

Hawapo hapa ukumbini, Mheshimiwa. Wapo kazini.

HITIMISHO

Ni saa saba sasa, na punde utapanda lifti hiyo kwenda kuifungua studio. Utawakuta wote wawili. Atakutangazia ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hatasema neno lingine, maana hajapewa ruhusa. Milango ikifunguka ghorofa ya nne, tunakuomba sana, usitoke peke yako.

Mungu akupe afya, akulindie familia yako, na akujalie kila unachokitafuta ukikute kipo.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Redio, Ghorofa Zote