Nilirudi Mwenyewe kwa Askari

Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Katekista ameniomba nishuhudie kwa unyenyekevu. Nitajaribu, lakini nawaambia mapema, jambo hili bado linanichemsha.

Wengi mnanijua mimi ni nesi wa zahanati yetu hapa mlimani. Misheni ilitupatia pikipiki ya kuzungukia vitongoji kwa ajili ya chanjo, na padre akanifundisha kuiendesha. Walikuwepo waliosema mwanamke hapandi chombo kile. Nikapanda.

Asubuhi moja mama mmoja alikuja mbio kutoka shambani, binti yake mdogo mikononi. Mtoto alikuwa ameumwa na kifutu wakati mama anapalilia maharage. Mguu umevimba hadi gotini. Dawa ya sumu ya nyoka hatukuwa nayo, wala gari halikuwepo. Nikamfunga mtoto kwa kanga mgongoni mwa mama yake, nikawapakia nyuma. Kofia ngumu ilikuwa moja tu. Ndugu zangu, mngemvisha nani? Mimi nilimvisha mama, maana tukianguka, yeye na mtoto ndio wangerushwa.

Kwenye makorongo nilikwenda taratibu. Tulipofika barabara ya lami, mtoto akaanza kulegea, nami nikakimbiza. Mlangoni mwa mji askari wa barabarani akaninyooshea mkono. Sikusimama. Nilimwona kwenye kioo akiangalia namba yangu.

Madaktari walimpokea mtoto. Nilipoona ametundikiwa dripu na anamwita mama yake, nikatoka, nikapanda pikipiki, nikarudi mpaka pale barabarani. Nikamwambia yule askari, "Afande, uliniita. Nimekuja." Akasema itabidi anipeleke kituoni. Nikamjibu, twende.

Mashtaka yakawa haya: kuzidisha mwendo, kutovaa kofia, kukaidi amri, na kuendesha kwa uzembe bila kujali maisha ya watu. Mahakamani, kabla ya kesi yangu, aliitwa dereva wa bwana mmoja mkubwa, aliyemgonga mwendesha baiskeli akiwa amelewa. Alipewa onyo, akatoka anacheka. Kisha mimi. Hakimu akaniambia kwa upole kwamba nikikiri yote na kuomba radhi, nami nitaonywa tu.

Nikasimama, nikasema, "Mwendo nilizidisha. Kofia sikuvaa. Kusimama sikusimama. Lakini kutojali maisha ya watu, hilo silikubali hata kidogo."

Akaona nina kiburi. Nikatozwa faini, na leseni ikachukuliwa kwa mwaka mzima. Askari alikuwa ameulizwa juu ya mwendo na kofia tu. Zaidi ya hapo hakuna aliyemuuliza.

Pikipiki ikaingizwa ghalani, ikafunikwa magunia. Mbali na padre, ambaye haishi huku mlimani, hakuna mwingine aliyejua kuiendesha. Nikarudi kwenye miguu yangu, na vitongoji vya juu nikawa navifikia kwa nadra. Masika yalipoanza, mama mmoja wa huko alishikwa na uchungu na mtoto akakaa vibaya. Wanaume wakambeba kwa machela kwenye utelezi, mimi kando nimemshika mkono. Ningekuwa na leseni, ningeshuka mbele yao nikaite gari. Alikata roho kabla hatujaiona barabara. Baadhi yenu mliibeba machela ile. Mnajua.

Nililia siku nyingi. Nilitaka kuacha kazi, nirudi kwetu nikalime kabichi. Ndipo dada yangu, mwalimu kule Kilakala, alipokuja, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimemaliza kulia, maana muda wa kukata rufaa ulikuwa unayoyoma. Tukakata.

Jaji akaamuru kesi isikilizwe upya mbele ya hakimu mwingine. Yule mama wa mtoto alishuka kutoa ushahidi, na binti yake akatembea mbele ya mahakama kwa mguu wake mwenyewe. Yule askari naye akaitwa. Alikuwa amehamishiwa Dumila, na angeweza kusema ana kazi nyingi, lakini alikuja. Hakimu akamuuliza alinikamata wapi.

"Sikumkamata, mheshimiwa," akasema. "Alirudi mwenyewe."

Hakimu akamwomba arudie, naye akarudia, akaeleza kila kitu.

Shtaka la uzembe likafutwa, leseni nikarudishiwa siku ile ile. Faini ya mwendo, kofia na kutosimama ilibaki, nami sikuipinga, maana nilikuwa nimeyatenda. Msinielewe vibaya. Vijana wanaoshindana kwenye lami naletewa mimi niwafunge bandeji, na wengine sikuwahi kuwafunga, niliwafunika shuka. Mwendo unaua. Sheria ile naitaka iwepo. Ninachokataa ni adhabu isiyouliza mtu alikuwa anakimbilia nini, na inayomwachia mlevi kwa sababu ya gari la bosi wake. Tunaambiwa kila siku kwamba binadamu wote ni sawa. Basi na iwe hivyo mpaka ndani ya mahakama.

Namshukuru Mungu. Namshukuru dada yangu, na padre, na yule mama aliyeacha shamba lake kuja kunisemea. Askari yule namwombea kila jioni. Ninyi mliochanga nauli za mashahidi wakati nyumba zenu zina njaa, sina la kuwalipa.

Funzo langu ni hili: ukikosea, kiri kosa lako, lakini usikiri la kubambikiwa ili upate usingizi. Na uhai wa mlima mzima usiachwe mikononi mwa mtu mmoja anayeweza kunyang'anywa leseni. Kwa hiyo mabinti wenye umri wa leseni, njooni Jumamosi uwanja wa shule, nianze kuwafundisha kuendesha pikipiki. Baba atakayemkataza binti yake, aje yeye mwenyewe aniambie sababu.