Bango Linaanguka Wapi?

Gari lilipopita Kimilili, Khadijo alijifanya amelala, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Hapo kijana aliyevaa ovaroli alimbembeleza mama asiyemjua amwazime malisho yake asubuhi moja.

"Tunatandaza bango kwa nyasi, mama. Helikopta inakuja juu, tunafunga kamba, inalinyanyua polepole. Bungoma yote inasoma tangazo ya sabuni."

"Na hiyo kamba ikijizungusha kwa mkia wa ndege?"

"Haiwezi. Tunaifunga chuma kizito, inaivuta chini."

"Ati chuma, juu ya ng'ombe zangu! Na upepo wa Elgon ukishika hiyo bango?"

Kijana alikohoa. "Hapo rubani anabonyeza tu, anaachilia kila kitu."

Khadijo akafumbua jicho moja.

"Inaanguka wapi?" mama akauliza.

"Mahali wazi tu, mama."

"Wapi hapo, bana? Si huku kwetu kila mahali ni shamba ya mtu?"

Gari likasimama Chwele. Mama akabeba kikapu chake, akashuka bila kuaga. Kijana naye akashuka upesi nyuma yake, ingawa Khadijo alikuwa amemsikia akimwambia kondakta kwamba anaenda Bungoma.